UZI: Kabla hujanunua tona ya printa ya leza, jua kwanza kilichokwisha ni unga au ni dramu

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari zenu.

Swali la "ninunue tona ipi" (tona ni unga wa kuchapia, katriji ni kasha linaloubeba) haliishi, na majibu huwa yale yale mawili: "chukua orijino" au "zote sawa tu, chukua ya bei nafuu". Yote mawili yanamwacha muulizaji alipokuwa, maana hakuna aliyemuuliza printa yake imeundwaje. Kazi yangu ni kuzifungua mashine hizi, kuzisafisha na kuzirudisha kazini. Ninachokutana nacho kila mara ni mtu aliyetoa hela ya katriji nzima kwa tatizo ambalo halikuwa la unga, au aliyejaziwa unga mpya kwenye dramu iliyokwisha kazi. Unga ndio kitu rahisi kuliko vyote kuongezwa. Karatasi kutoka safi au chafu, mara nyingi hilo ni suala la dramu.

Fuateni herufi moja inavyotokea. Dramu ni silinda ya aluminiamu iliyopakwa tabaka jembamba lenye tabia ya pekee: gizani halipitishi umeme, likimulikwa linapitisha. Kwenye printa nyingi, kama za HP na Canon, rola ya chaji inaipaka dramu umemetuamo hasi, karibu volti 600. Leza inapiga kwenye kioo chenye pande nyingi kinachozunguka kwa kasi, mwale unafagia dramu mstari kwa mstari, na kila unapogusa chaji inashuka mpaka karibu volti 100. Unga nao una chaji hasi, kwa hiyo sehemu zenye hasi kali zinaukataa, unarukia pale tu leza ilipopita. Karatasi inaingia, rola ya chini yenye chaji chanya inauvuta unga kutoka kwenye dramu uje kwenye karatasi. Hapo herufi bado ni vumbi tu, ukipitisha kidole zinafutika. Fyuza ndiyo inayozikaza, kwa joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi pamoja na mgandamizo, unga unayeyuka na kushika nyuzi za karatasi. Mwisho kiwembe cha mpira kinakwangua unga uliobaki kwenye dramu na kuutupa kwenye chemba ya taka, na mzunguko unaanza upya.

Msingi huo haujabadilika tangu Chester Carlson alipopata picha yake ya kwanza tarehe 22 Oktoba 1938 huko Astoria, New York. Alikuwa na sahani ya zinki iliyopakwa salfa, akaisugua kwa kitambaa ipate chaji, akaimulika kupitia kipande cha kioo chenye maandishi, akanyunyiza unga, akaukandamiza kwenye karatasi ya nta. Leza ilikuja baadaye, Gary Starkweather wa Xerox alipoichukua mashine ya kutolea kopi na kuweka mwale wa leza mahali pa taa, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970.

Mwaka unaotuhusu sisi wanunuzi ni 1984. HP walitoa LaserJet ya kwanza, na injini yake ilitoka Canon. Canon walikuwa wameamua jambo moja kubwa: vitu vinavyochakaa (dramu, kifaa cha kuipaka chaji, kiwembe, chemba ya taka) wavifungie pamoja na unga ndani ya katriji moja, ili mtumiaji abadilishe mwenyewe bila kuita fundi. Ndiyo maana mpaka leo katriji nyingi za HP na Canon za nyeusi, kama 12A, 85A, 05A na 26A, zina dramu ndani. Ukitoa katriji ukaona silinda ya kijani au buluu inayong'aa chini ya kile kifuniko cha plastiki, hiyo ndiyo yenyewe.

Brother wanatenganisha. Tona ni kasha lake, dramu ni kasha lingine, vinachomekana. Tona TN-2410 inakadiriwa kutoa kurasa 1,200, TN-2420 kurasa 3,000, lakini dramu yake DR-2400 inakadiriwa kurasa 12,000. Yaani unabadilisha tona mara kadhaa ndipo dramu moja iishe. Kyocera wa mfululizo wa ECOSYS wamekwenda mbali zaidi, dramu yao ni ngumu, inakaa ndani ya mashine kwa muda mrefu sana, wewe unanunua unga tu.

Hapo ndipo maamuzi yanapogawanyika. Mwenye katriji yenye dramu ndani akijaziwa unga tena na tena, anaendelea kuzungusha dramu ambayo kiwanda kiliipangia iishe pamoja na unga wa kwanza. Inaweza kuvumilia kujazwa mara moja, hata mbili. Ukianza kuona kivuli cha kijivu kwenye karatasi nzima, au nukta zinazojirudia, dramu inadai ipumzishwe na unga zaidi hautasaidia. Mwenye Brother akiona dalili hizo hizo asikimbilie tona kabisa.

Sasa hesabu. Bei ya kasha haikuambii kitu mpaka uigawanye kwa idadi ya kurasa. Na idadi hiyo itoke kwenye kipimo cha kimataifa cha ISO/IEC 19752 kwa printa za nyeusi, au ISO/IEC 19798 kwa za rangi. Kipimo cha nyeusi kinataka katriji zisizopungua 9 zichapwe kwenye printa 3, kwa ukurasa mmoja maalumu ambao unga wake unafunika karibu asilimia 5 ya karatasi, mpaka maandishi yaanze kufifia. Asilimia 5 ni barua fupi ya kawaida. Ukichapa fomu zenye majedwali yenye vichwa vyeusi, nembo na picha, unga unakwenda mara mbili au tatu ya hapo, na katriji haina kosa. Tona isiyotaja kipimo chochote, imeandika tu "kurasa nyingi", haina hesabu ya kukupa.

Chukueni 26A na 26X. Ya kwanza kurasa 3,100, ya pili 9,000. X inatoa karibu mara 2.9. Basi kama bei yake haifiki mara 2.9 ya A, X ndiyo nafuu kwa ukurasa, na huwa haifiki. Ila kama unachapa kurasa chache kwa mwezi, hela yako italala ndani ya printa muda mrefu bila sababu, A inakutosha.

Kwa Brother na wenzake ongezeni gharama ya dramu: bei ya dramu gawanya kwa kurasa zake, jumlisha na ya tona. Watu wengi wanalisahau hili wakilinganisha printa mbili.

Na ile katriji iliyokuja na printa mpya, mara nyingi ni ya kuanzia, haijajazwa kamili. Ikiisha mapema, ndivyo ilivyopangwa.

Karibuni maswali.

---

#2 KaratasiNyeupe

Mkuu, shukrani kwa elimu. Mimi nina LaserJet P2035, siku zote natumia 05A. Kwa hesabu yako nataka nihamie 05X nipate kurasa nyingi. Kuna shida?

---

#3 Mleta uzi

Ipo, mkuu. Kwa hesabu 05X inavutia, kurasa 6,500 dhidi ya 2,300 za 05A. Lakini P2035 inakubali 05A pekee. Anayeweza kutumia zote mbili ni ndugu yake P2055. Kasha la X ni nene zaidi, linahitaji nafasi.

Hali ni hiyo hiyo kwa 83A na 83X: M125 na M127 zinatumia A tu, M201 na M225 zinakubali zote. Kwa hiyo kabla ya kununua usitazame namba ya katriji peke yake. Tafuta orodha ya modeli za printa kwenye boksi, modeli yako iwe imeandikwa vilevile, herufi kwa herufi. Kuna printa zinatofautiana herufi moja mwishoni na katriji haziingiliani.

---

#4 MamaOfisi

Habari za kazi. Mimi nina Brother ya nyeusi, inatoa mstari mweusi mwembamba wima, kuanzia juu mpaka chini, kila karatasi, mahali palepale. Nimeshabadilisha tona na mstari umebaki. Nimeambiwa dramu imekufa. Nilipie?

---

#5 Mleta uzi

Dada, usilipie bado. Toa dramu na tona vikiwa pamoja, viweke juu ya gazeti. Juu ya kasha la dramu utaona kidude cha kijani kinachoteleza kushoto na kulia. Ndani yake kuna waya mwembamba sana unaokwenda urefu wote wa dramu; huo ndio unaoipaka chaji. Vumbi au unga ukishika sehemu moja ya waya, sehemu hiyo ya dramu haipati chaji ya kutosha, unga unarukia hapo muda wote, ndio huo mstari wako.

Kitelezeshe kile kidude kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara kadhaa, taratibu. Ukimaliza kirudishe kwenye nafasi yake ya mwanzo, pale penye alama ya pembetatu. Kikiachwa katikati kitazalisha mstari mpya wewe mwenyewe ukidhani dramu imezidi kuharibika.

Ukisafisha hivyo na mstari haukuondoka, geuza dramu polepole kwa gia ya pembeni na uitazame kwenye mwanga hafifu. Mkwaruzo unaozunguka silinda nzima utauona kwa macho. Hapo ndipo dramu mpya inahitajika kweli.

Mstari mweupe wima ni habari nyingine kabisa: aidha unga haufiki sehemu hiyo, aidha kioo unachopitia mwale wa leza kina vumbi. Kioo kinafutwa kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, printa ikiwa imezimwa na kuchomolewa kwenye umeme.

---

#6 MamaOfisi

Mstari umeondoka! Mungu akubariki sana kaka. Hela ya dramu imebaki mfukoni.

---

#7 Mpigachapa

Safi sana mleta uzi. Naongezea moja kwa wenye nukta zinazojirudia: chukueni rula. Pimeni kutoka nukta moja hadi inayofuata kwenda chini ya karatasi. Kila rola ina mzingo wake, kwa hiyo umbali unakutajia mhalifu.

---

#8 Mleta uzi

Mpigachapa umenena, na watu wengi hawalijui hili. Katriji kama 12A na 85A dramu yake ina kipenyo cha milimita 24, mzingo wake milimita 75 hivi. Nukta ikirudi kila milimita 75, ni dramu. Brother nyingi ndogo dramu ina kipenyo cha milimita 30, nukta inarudi kila milimita 94. Umbali ukiwa tofauti na huo, chunguza rola nyingine au fyuza. Kubadilisha dramu hakutasaidia kitu.

Wakati mwingine nukta inatokana na kipande cha gundi ya lebo kilichonasa kwenye dramu. Kinatolewa kwa pamba kavu, kwa upole, bila kukwangua. Msitumie spiriti wala maji ya sabuni kwenye dramu.

Kipo kipimo kingine ninachokitumia karatasi ikitoka imefifia: naagiza ukurasa, kisha nafungua mlango wa printa karatasi ikiwa katikati ya safari. Natoa katriji na kutazama dramu. Kama maandishi yapo kwenye dramu, meusi na makali, lakini karatasini yamepauka, basi tona ni nzima na dramu ni nzima; rola ya kuhamishia unga ndiyo imechoka. Kama hata kwenye dramu yamefifia, rudi kwenye katriji.

---

#9 FundiRola

Mimi nitapingana nawe kidogo mkuu. Najaza 12A miaka mingi, hata mara nne katriji moja, na wateja wanarudi wakiwa na furaha. Unawatisha watu waogope kujaza.

---

#10 Mleta uzi

Fundi mwenzangu, 12A ni katriji nzuri sana ya kujaza, haina hata chipu. Lakini nina hakika wewe hujazi unga tu. Unamwaga chemba ya taka, unabadilisha dramu ikichoka, unaangalia kiwembe. Hiyo ni kukarabati. Ninayempinga ni yule anayetoboa tundu, anamimina unga, anaziba kwa utepe. Chemba ya taka ikijaa, unga hauna pa kwenda, unamwagika ndani ya mashine na kuchafua kila kitu mpaka fyuza.

Na unga wenyewe hauko wa namna moja. Katriji za nyeusi za HP na Canon za aina hii zina sumaku ndani ya rola inayobeba unga, na unga wake una oksidi ya chuma ili ushikwe na sumaku hiyo. Brother wanatumia unga usio na sumaku. Ukimimina wa Brother kwenye 85A, rola haitaushika ipasavyo. Hata ndani ya aina moja, joto la kuyeyukia linatofautiana. Unga unaotaka joto kubwa kuliko fyuza yako unatoka karatasini ukisuguliwa, na ule unaoyeyuka mapema mno unanata kwenye fyuza. Fundi mzuri ana chupa zilizoandikwa modeli, hachoti kwenye mfuko mmoja kwa printa zote.

---

#11 FundiRola

Hapo tumeelewana. Kweli dramu nabadilisha, na taka namwaga kila ninapojaza. Wanaojaza kwa tundu wanatuharibia jina.

---

#12 Mwanafunzi_IT

Wakuu, na hizi chipu? Nimenunua katriji mbadala, printa inasema haiitambui. Muuzaji anasema nisiwe nasasisha programu ya printa. Ni halali kweli hizi mbadala?

---

#13 Mleta uzi

Swali zuri. Chipu ina kazi mbili. Moja inaiambia printa aina ya katriji na kuhesabu unga uliotumika. Ya pili ni ulinzi wa soko la mtengenezaji. HP wanaandika wazi kwenye maelezo ya printa zao nyingi kwamba zimekusudiwa katriji zenye chipu ya HP, na kwamba masasisho ya programu yanaweza kuzuia katriji ambazo jana zilikuwa zinafanya kazi. Kwa hiyo muuzaji wako hakukudanganya. Ila masasisho pia huziba mianya ya usalama, na printa iliyoungwa kwenye mtandao wa ofisi inayahitaji. Ushauri wangu: nunua mbadala kwa muuzaji anayekubali kubadilishiana chipu ikikataliwa, na uliza hilo kabla hujatoa hela.

Kabla hujairudisha, toa katriji na utazame ile chipu ndogo yenye vibati vya rangi ya dhahabu. Ifute kwa kitambaa kikavu. Uchafu wa kidole tu unaweza kuleta ujumbe huo.

Chunga pia printa za HP zenye herufi "e" mwishoni mwa jina. Ukikubali mpango wa HP+ wakati wa kuiwasha mara ya kwanza, unakuwa umekubali kutumia katriji za HP pekee na printa iwe imeungwa kwenye intaneti. Soma kabla ya kubonyeza.

Kuhusu uhalali, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua Mei 2017, katika kesi ya Impression Products dhidi ya Lexmark, kwamba mtengenezaji akishauza katriji, haki yake ya hataza juu ya katriji hiyo imekwisha. Mnunuzi anaweza kuijaza na kuiuza tena. Hiyo ni sheria ya Marekani, lakini inaonyesha kuwa kukarabati katriji ni biashara halali inayojulikana. Isiyo halali popote ni feki: mbadala inayojifanya orijino kwa boksi na nembo ya mtu mwingine. Mbadala ya kweli inajitaja kwa jina lake.

Mimi binafsi, kwa ofisi inayochapa maandishi, natumia mbadala nzuri bila wasiwasi. Kwa printa ya rangi nasita. Rangi nne lazima ziyeyuke pamoja na kukubaliana, na mbadala za rangi zinatofautiana sana. Kwa kazi ya rangi ya mteja naweka orijino.

---

#14 KaratasiNyeupe

Na ule ujumbe wa "tona imebaki kidogo", ndiyo imekwisha?

---

#15 Mleta uzi

Mara nyingi bado. Printa nyingi zinakadiria kwa kuhesabu kurasa, mizunguko au nukta zilizochapwa. Haziuoni unga wenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya printa utafute chaguo la kuendelea kuchapa tona ikiwa chini. Itoe katriji, itikise pole upande kwa upande mara tano sita ikiwa imelala, rudisha. Endelea mpaka maandishi yenyewe yafifie. Kama ni fomu za muhimu, uwe na nyingine pembeni.

---

#16 MamaOfisi

Kaka, la mwisho. Juzi kijana alimwaga unga sakafuni, akafuta kwa maji ya moto, umeganda. Na nina katriji ya akiba, niihifadhije?

---

#17 Mleta uzi

Dada, unga huo ni plastiki iliyosagwa, chembe zake ni mikroni chache tu, ndogo kuliko unene wa unywele mara nyingi. Joto linauyeyusha, ndiyo maana maji ya moto yameugandisha. Siku nyingine tumieni kitambaa chenye unyevu wa maji baridi, na mikono na nguo vilevile maji baridi. Msitumie mashine ya kawaida ya kunyonyea vumbi, chujio lake linapitisha chembe hizo na kuzirusha hewani mzivute. Fungueni dirisha.

Ya akiba iache ndani ya mfuko wake uliofungwa, ilale kama ilivyolala kwenye boksi, mbali na dirisha lenye jua na mbali na joto. Kama katriji yako ina dramu ndani, mwanga mkali unaidhuru hata kwa dakika chache, basi usiifungue mpaka siku ya kuiweka. Siku hiyo itikise kwanza, kisha vuta ule utepe wa plastiki kwa kunyoosha, usivute kwa pembe, maana ukikatikia ndani unga hautatoka na katriji itaonekana mbovu. Chapa kurasa mbili tatu za majaribio, za kwanza zinaweza kuwa na vumbi kidogo.